Wino wa Kinyozi

Jioni ya siku ya uchaguzi basi lilikuwa karibu tupu. Mama mshonaji alikaa na jirani yake kinyozi. Kwa siasa hawaivi chungu kimoja, na kila uchaguzi hukubaliana wasiende kupiga kura. Kura ya mmoja itaua ya mwenzake, sasa foleni ya nini? Ndiyo maana mtaani wote wawili huonekana hawana maoni.

“Watu wamelala majumbani,” alisema kinyozi. “Kituo cha kura hakina hata foleni.”

“Umejuaje, shemeji?”

“Wateja wamenihadithia.”

Mshonaji alimtazama mikono. Kinyozi huyu hatoi hata salamu bila kurusha mikono yote miwili, lakini leo wa kushoto umezama mfukoni. Basi lilipokata kona, akauchomoa haraka ajishike. Kidole cha mwisho kilikuwa cheusi kwa wino.

“Alaa! Wewe!”

“Nilikuwa napita tu, shemeji. Miguu ikanipeleka.”

“Hata mimi nina miguu.” Akabonyeza kengele. Mbele ilikuwa shule ya kupigia kura, na mlinzi ameshaanza kufunga geti.

“Lakini tulikubaliana!” kinyozi alimlilia, uso mkavu.

Basi lilisimama. Mshonaji akakunja gauni, akateremka mbio.