Maisha ya Xavérine Mukamana, na Vifuniko Kumi na Saba

Jamaa, majirani, na ninyi wa kazini kwake. Maneno haya ni ya Wellars Kayitare, mume wa marehemu. Sikusoma shule. Nimesema, binti yetu Uwera ameandika, na ndiye anayewasomea. Sitasema mengi.

Xavérine Mukamana alizaliwa tarehe 3 Machi 1946 huko Mudende, mtoto wa pili wa mzee Gatete na mama Epiphanie. Kwao kulikuwa na ng'ombe sita na shamba la viazi. Mwaka 1960 wazazi walivuka mpaka wa Kongo, wakaenda Goma. Alipenda kusimulia kwamba alivuka amebeba kuku, na kuku akataga njiani mikononi mwake. Mengine ya safari ile hakusimulia.

Alisoma Goma kwa masista, akamaliza mwaka 1963. Miaka miwili iliyofuata alijifunza kupiga mashine ya kuandika. Vidole vyake vilikuwa na mbio kuliko mdomo wake.

Mwaka 1967 alileta kitambaa cha gauni kwenye cherehani yangu, sokoni Goma. Alipokuja kulichukua nikamuuliza, "Madame, iko sawa?" Akajitazama. "Bon, iko muzuri." Tulifunga ndoa tarehe 17 Agosti 1968. Siku moja, tumeshaoana, nilikuwa nikilipiga pasi lile gauni, nikaona mkono wa kushoto ni mfupi kwa vidole viwili. Miaka minne alikuwa akilivaa.

"Mama Uwera, mbona hukusema?"

"We ulikuwa umefurahi. Ningesema nini?"

Alifanya kazi kwa mnunuzi wa kahawa, Goma, hadi 1994. Februari 1995 tulirudi Rwanda, hapa Gisenyi. Juni mwaka huo akapata kazi ya secrétaire katika ofisi ya mradi wa maji, ile nyumba ya ghorofa tatu. Mwaka 1996 zikaja ordinateri, yaani kompyuta, kumi na saba, zikatawanywa ghorofa zote, na yeye akapewa kuzitunza. Programu moja ilikuwa na disketi kumi na moja. Alipanda na sanduku la disketi, akakaa kwenye kila mashine, akaziingiza moja moja, akahamia nyingine. Kazi ya wiki nzima. Ikija programu mpya, anaanza tena.

Akaniambia vumbi linaharibu mashine. Nikasema, hiyo ni kazi yangu. Nilishona vifuniko kumi na saba, kitambaa kizito cha bluu, pindo jeupe, na lastiki chini kote ili vumbi lisipate njia. Nilikwenda kuzivisha mashine mwenyewe. Watu walipiga makofi. Sijawahi kufurahia kazi yangu namna hiyo.

Februari mwaka huu fundi Nshuti alitoka Kigali, akaunganisha mashine zote kwa waya hadi mashine moja kubwa iliyokaa chini, ofisini kwa Xavérine. Fundi alinieleza hivi. Programu unaiweka mara moja tu katika ile kubwa. Asubuhi mtu akiwasha mashine yake na kuandika jina lake, mashine inauliza kule chini, kuna kipya? Kikiwepo, inakichukua yenyewe, bila disketi, bila mtu. Halafu jina la mashine linaingia kwenye orodha, Xavérine ajue imepata.

Siku hiyo alirudi akicheka. "Baba Uwera, tangu leo mi nakaa. Programu inapanda yenyewe."

"Inapandaje bila miguu?"

"We shona tu, muzee."

Mwezi wa Tano miguu yake ilivimba, pumzi ikawa fupi. Daktari alisema ni moyo, umepanuka. Akasema: ngazi, hapana. Nilitaka abaki nyumbani. Akasema iko programu ya mwaka 2000, ili mashine zisikosee tarehe, lazima ifike kwenye mashine zote, akimaliza hiyo ataacha kazi. Na sasa, akasema, si anakaa chini tu? Nikamwamini. Kila Ijumaa nilimuuliza, "Vifuniko vyangu vinaendeleaje?" Kila Ijumaa alijibu, "Viko muzuri."

Jumatatu tarehe 13 Septemba aliiweka programu ile katika mashine kubwa. Jumanne asubuhi, tarehe 14, orodha ilikuwa na majina kumi na manne. Matatu hayakuwemo, yote ya ghorofa ya tatu. Alipanda. Connie, anayefanya kazi huko juu, alimkuta amepiga magoti chini ya meza, anachomeka waya.

"Maman, ungeniita nikafanya mimi."

"Nimeshafika, Connie."

Akangoja mashine ichukue programu. Akaenda ya pili. Mbele ya ya tatu aliketi, akaomba maji. Walimshusha kwa kiti, voiture ya ofisi ikampeleka hospitali. Aliaga dunia saa tano na dakika ishirini asubuhi. Nilifika saa sita.

Jumatano Evode, mlinzi wa ofisi, alikuja msibani akaketi karibu nami.

"Muzee, nikwambie kitu, usinikasirikie?"

"Sema."

"Vile vifuniko havina mulango ya waya. Jioni batu banachomoa waya zote ndiyo bafunike. Asubuhi banarudisha ya umeme, sababu bila umeme mashine haiwake. Ile ingine, ya mashine kubwa, banasahau, sababu mashine inatumika tu bila ile. Lakini programu haifike. Maman alikuwa anapanda kuirudisha."

"Tangu lini?"

"Tangu waya zifike."

"Na hakuna mutu wa kuniambia?"

"Alitukataza. Alisema, 'Mutu asikate vifuniko vya muzee wangu. Na asimwambie.'"

Nilimtuma aniletee vyote. Alhamisi asubuhi mashine ziliamka bila vifuniko, nyaya zote mahali pake. Connie aliniletea karatasi ya orodha. Sijui kusoma. Nilihesabu mistari kwa kidole. Kumi na saba. Hakuna mtu aliyepanda ngazi. Karatasi hiyo iko naye ndani ya sanduku.

Jana nilikata tundu katika kila kifuniko, nikazipinda kingo kwa mkono. Kimoja kilinichukua dakika sita. Dakika sita, watu wangu. Evode ataondoka navyo leo.

Mnaniambia, "Muzee, ni moyo, si wewe." Bon. Moyo ulikuwa wake. Vifuniko ni vyangu. Miaka thelathini na moja alivaa makosa yangu akasema ni mazuri, na sasa nani ataniambia hivyo? Asubuhi naamka, nageuka upande wake kumwambia nina huzuni. Sijui nifanyeje. Mwenye kujua aniambie, nitasikiliza.

Na ninyi mlio na wake na waume: akikuambia iko sawa, muulize mara ya pili.

Marehemu ameacha mume; watoto wawili, Uwera wa hapa Gisenyi na Jado wa Goma; wajukuu watatu; dada yake Verediane, na kaka yake Mbonigaba ambaye bado yuko Mudende. Anazikwa leo, Ijumaa tarehe 17 Septemba 1999, hapa Rubavu, Gisenyi, akiwa na miaka hamsini na mitatu. Amevaa gauni nililoshona Jumatano. Mikono nimeipima mara tatu.

Mama Uwera, pumzika kwa amani. Na wewe Mungu, mpokee hapo chini, mlangoni. Usimpandishe ngazi.