Mlinzi wa Vikombe Arobaini

Umeme ulikuwa umekatika Manzese tangu alfajiri, na mahali pekee penye chaji mtaani palikuwa duka la makufuli la Mzee Matar, mwenye sola juu ya bati. Ndiyo maana Jumamosi ile saa tatu asubuhi Eliaichi alikuwa kwenye benchi la mbele ya duka, laptopu mapajani, waya umepita dirishani, mguu wa kulia ukitikisika wenyewe. Kijiweni wanamwita Injinia, kwa kuwa ndiye anayetunza mfumo wa hospitali moja ya macho kule Mikocheni. Madaktari bingwa wa watoto walikuwa wanakuja kwa wiki moja tu. Wazazi wanaandikisha watoto wao kwa simu, na mwisho ni saa sita mchana siku hiyo hiyo. Tangu jana yake mfumo ulikuwa unawafukuza watu. Pembeni yake alikaa Theonest, karani mstaafu wa mahakama, aliyebandikwa jina la Tume kwa sababu kwake yeye kila jambo lina mtu nyuma yake. Shomari muuza kahawa alikuwa ameshatua birika chini, na hakuwa na dalili ya kuondoka.

— Unawaambiaje hao watu? Mzee Matar aliuliza kutoka ndani ya duka.

— Unawaambia wamejaribu mara nyingi mno, warudi kesho. Na mtu kajaribu mara moja tu, mzee.

— Kesho si pameshafungwa?

— Ndiyo hivyo.

Simu ikaita. Alikuwa Sista Tekla, msimamizi wa uandikishaji.

— Eliaichi, hapa mapokezi simu haziwekwi chini.

— Naangalia, Sista.

— Jana pia uliniambia unaangalia.

Akakata. Eliaichi akanywa kahawa iliyokwisha poa bila kuisikia ladha. Shomari akamwongezea.

— Hebu tuambie sie tusiosoma, Shomari alisema. Umegusa nini?

— Zamani kulikuwa na seva moja, yaani kompyuta ya kuhudumia watu. Inapokea watu yenyewe, inatafuta nafasi yenyewe. Ikawa inaelemewa. Alhamisi nikaweka nyingine mbele yake. Ya mbele inapokea wageni, inawaonyesha picha na maelezo. Anayetaka kuandikisha mtoto, inampeleka kwa ya nyuma, ndiyo inayofanya kazi yenyewe.

— Hapo ndipo ulipoharibu, Tume alisema. Mafahali wawili hawakai zizi moja.

— Zinaelewana. Nilizijaribu mwenyewe, zikaenda vizuri.

— Ulijaribu uko peke yako. Wake wenza nao huelewana mume akiwa mezani.

Eliaichi aliinamia laptopu. Alipitia mpangilio wa seva ya mbele kwa mara ya tano, mstari kwa mstari, na kila mstari ulimtazama kama mtu asiye na kosa.

— Na hiyo ya nyuma, Mzee Matar alidakia, mwenye kufuli ni nani?

— Mie. Anwani moja ya mtandao, yaani simu moja, ikijaribu zaidi ya mara ishirini kwa saa, inafungiwa siku nzima. Kuna vishoka, madalali wa mitaani, walikuwa wanazikomba nafasi zote wakaziuze.

— Basi ni hao hao, Tume alisema, akisogea karibu. Kuna mtu amejifungia chumbani, ana simu mia tatu ukutani, zote zinabonyeza kwa pamoja. Haba na haba hujaza kibaba. Na si wa hapa nchini. Kuna nchi wanataka watoto wetu wasione, ili baadaye watuuzie miwani.

— Tume, kunywa kahawa.

— Nakunywa. Lakini andika hayo maneno, Injinia. Miwani.

Shomari alicheka, kisha akachuchumaa karibu na birika lake.

— Mie nilikuwaga napeleka kahawa pale wanapojenga ghorofa, karibu na daraja. Ndani hawaniruhusu. Namkabidhi mlinzi getini, yeye ndo anawapelekea mafundi, kimoja kimoja. Siku moja bosi yuko dirishani, anahesabu. Anamwona mlinzi tu na vikombe, mlinzi na vikombe. Akamwita: we bwana unakunywa vikombe arobaini kwa siku, kazi utafanya saa ngapi? Akamsimamisha. Na siku hiyo hakuna fundi aliyepata kahawa.

— Na mlinzi hakujitetea? Mzee Matar aliuliza.

— Angejiteteaje, mzee? Alipokuwa anapita, hakuwahi kusema hiki cha fulani, hiki cha fulani.

Mguu wa Eliaichi ulitulia. Akafungua kumbukumbu za seva ya nyuma, zile zinazoandika nani amekuja na saa ngapi. Alikuwa amezitazama jana akitafuta makosa. Hakuwa amezitazama akitafuta watu. Tangu Alhamisi kila aliyefika alikuwa na anwani moja, ya seva ya mbele. Mamia ya wazazi walikuwa wanapita mlango ule, na kule ndani walihesabiwa kuwa mtu mmoja msumbufu. Wa ishirini na moja alipofika, wote wakafungiwa.

Hapakuwa na kishoka wala nchi yoyote. Ni yeye.

— Mlinzi hataji majina, alisema taratibu. Sikumwambia ataje.

Akaandika mstari mmoja kwa seva ya mbele, ili kila mgeni apelekwe na anwani yake mwenyewe. Akahamia kwa ya nyuma.

— Na huko ndani waamini tu kila anayejitajia jina? Mzee Matar aliuliza. Mie siuzi kufuli namna hiyo.

— Hapana, mzee. Wataamini neno la mlinzi peke yake.

— Hapo sawa.

Akafuta marufuku zote, akaziwasha upya seva zote mbili. Wakasubiri. Basi la mwendokasi likapita barabarani, likafuatwa na jingine. Simu ikaita.

— Wanaingia, Sista Tekla alisema. Watatu. Sasa tisa. Usiondoke hapo ulipo.

Ilikuwa saa nne na nusu. Tume akaanza kueleza jinsi alivyojua tangu mwanzo, na hakuna aliyemsikiliza. Ndipo mama mmoja akasimama mbele ya benchi, mtoto mgongoni, simu mkononi.

— Shikamoo mzee. Za saa hizi, kaka zangu. Naitwa Genoveva. Nauliza penye umeme, natafuta mtu wa kunisaidia kuandikisha mtoto hospitali ya macho. Jana simu ilinikataa.

Eliaichi alisimama, akampisha akae. Wakajaza pamoja: Wilbert, miaka minne, jicho la kushoto. Jibu likaja papo hapo: Jumatano, saa mbili asubuhi.

Genoveva aliusoma ujumbe mara mbili. Hakutabasamu.

— Kwa hiyo jana kosa halikuwa letu.

— Halikuwa lenu, mama. Lilikuwa langu.

— Na wenzangu? Jana pale steshenari nilikokwenda kusaidiwa kujaza tulikuwa sita, wote na watoto. Tuliambiwa tumekataliwa, kila mtu akashika njia yake. Wao nani atawaambia?

Eliaichi alijua mfumo haukuwa na jibu: waliofukuzwa hawakuwa wamefika hata pa kuandika jina. Na hao sita walikuwa wa steshenari moja tu.

— Una namba ya yeyote kati yao? aliuliza.

— Nina ya mmoja. Mama wa Tandale.

— Nitajie.

Alimtajia. Eliaichi akabonyeza, akaweka simu sikioni, na ikaanza kuita.