Kahaso Mangi na Viwavi wa Chupani

Wasikilizaji wapendwa, jioni hii tumeitenga kwa Kahaso Mangi, mkulima wa mahindi nje kidogo ya Barani, Malindi. Kahaso ametutoka. Alikuwa mwanamke wa kushuku kila kitu.

Viwavijeshi, watoto wa nondo, walipovamia mahindi yake, Bridgit, afisa wa kilimo, alimletea unga wa kuvu wa kuchanganya na maji.

“Hii inaua wadudu tu, mama.”

“Nani kakwambia? Kiwavi ana ngozi, nami nina ngozi.”

Kahaso akatia viwavi kwenye chupa mbili. Moja akainyunyizia dawa, nyingine akaiacha. Hata binti yake mwenyewe alishukiwa. “Aliniuliza kama nimetumwa kuzifungua,” anasema Jedida, akicheka huku anafuta machozi.

Walionyunyiziwa wakaacha kula. Wakafa, wakakakamaa, wakaota ukungu mweupe. Kahaso akampelekea Bridgit chupa. Bridgit akamweleza: mbegu za kuvu hunata kwenye ngozi ya kiwavi, huchipua, hupenya na kumla kwa ndani. Kisha hutokeza nje na kuwaambukiza wenzake. Kahaso akakubali nusu ya shamba tu, tena jioni, maana jua kali huiua kuvu. Kuku waliodonoa pale aliwakodolea macho kama wezi. Hawakufa. Nusu ile ya shamba ikapona.

Msimu uliofuata akaja mchuuzi mgeni na pakiti za unga kama ule wa Bridgit. Majirani wakazigombania. Kahaso akarudia chupa zake. Safari hii viwavi wakala, wakanenepa. Akawabeba hadi kwenye baraza alipouzia mchuuzi.

“Dawa yako inawanawirisha wadudu. Umetia nini humu?”

“Kuwa na subira, mama.”

“Nimesubiri. Wao wameshiba.”

Bridgit, aliyekuwapo pale, akaipasua pakiti, akaunusa unga. Ulikuwa wa muhogo. Mchuuzi akaondoka bila kuaga, na majirani wakawahi kuyaokoa mahindi yao kwa kuvu ya kweli.

Hospitalini, katika siku zake za mwisho, Jedida anatuambia, mama yake alimshika muuguzi mkono: “Hii sindano inafanya nini mwilini?” Muuguzi akaketi, akamweleza yote. Kahaso akanyoosha mkono.

Jedida na jamaa wote, poleni sana. Mola ampumzishe pema. Nasi tuliosalia tujiulize: yule jirani tunayemwita mbishi, tumewahi kukaa tukamjibu?