Siku Niliyoifuta Shule Yetu kwa Mdomo

Nyinyi vijana mtakaosoma karatasi hii, kaeni vizuri kwanza. Maneno haya niliyasema mbele ya wajane wenzangu wa polisi, kwenye mkutano wetu wa Jumapili pale kambi ya polisi ya Nsambya, na mjukuu wangu akayaandika. Nimemkataza kuyapamba. Mimi darasani nilifika la tatu tu, kwa hiyo mkikuta kosa, lirekebisheni kimya kimya mwendelee. Nilisema hivi:

Wenzangu, mnanijua. Tangu mume wangu afariki napika uji na posho, yaani ugali, kwenye ile shule ndogo nyuma ya kota zetu za polisi, na geti lake nalifunga na kulifungua mimi. Shule yenyewe mnaijua pia. Nyumba moja ndefu ya mabati, kama zile tulizozalia watoto wetu. Kibao hakuna, kilianguka na mvua, tukakitumia kufunika pipa la maji.

Sasa, watoto wakiwa likizo, alikuja kijana langoni. Amevaa kizibao cha rangi ya machungwa, mkononi ana simu kubwa kama sinia.

"Jambo, jjajja," akaniamkia, yaani bibi.

"Jambo. Unataka nini?"

"Nauliza tu. Hapa ni shule?"

Ndugu zangu, msinicheke, maana na nyinyi mngejibu vilevile. Tulifundishwa nini kambini? Mtu akija na karatasi, wewe hujui kitu. Mume hayupo, hatujui atarudi lini, na mbuzi huyu si wetu. (Mnacheka. Mnawakumbuka hao mbuzi.) Basi nikamtazama yule kijana, nikamwambia, "Hapa ni nyumba ya watu. Shule hakuna."

Akagusa simu yake mara moja, akashukuru, akaenda. Nikarudi kwenye maharage yangu nikiwa nimefurahi kabisa. Nilijiona askari.

Muhula ulipofunguliwa, mwalimu wa sayansi akahamia shule nyingine. Darasa la saba likabaki bila mtu wa sayansi, na mtihani wao mkubwa uko mbele. Mjukuu wangu yumo humo. Mwalimu mkuu akahangaika, akapata shule moja iliyokubali watoto wetu wafuate masomo ya mwalimu wa shule hiyo kwa njia ya intaneti. Lakini intaneti yenyewe hatuna. Akasikia kuna watu wenye ofisi mtaa wa Wandegeya wanaotafuta shule zisizo na intaneti, hapa na dunia nzima, ili ziunganishwe. Akaandika barua. Jibu likaja: mahali hapo palikaguliwa, hapana shule.

Mwalimu mkuu alimgeukia karani. Karani ndiye anayejaza fomu zote. "Wewe umejaza nini? Umetuandika wapi?" Akamwambia ikifika Ijumaa hajapata maelezo, asirudi Jumatatu.

Yule binti karani alikuja kulia jikoni kwangu. Alijifuta macho kwa kitambaa changu cha kushikia sufuria. Na mimi, mnisikilize vizuri hapa, mimi nilijua. Nilijua toka neno la kwanza ni mdomo wa nani. Nikamtilia uji kikombeni, nikaendelea kukoroga. Hapo ndipo nilipoanguka. Kumdanganya kijana wa langoni lilikuwa jambo dogo, nilidhani nalinda. Karani sikumlinda na kitu. Nilijilinda mwenyewe.

Jioni hiyo mjukuu wangu akaniuliza, "Jjajja, shule inawezaje kukosekana na sisi tunakaa ndani yake?"

Nikamwambia amalize chakula chake. Lakini swali lilinikaa kichwani kama jiwe ndani ya kiatu. Kweli, inawezaje? Nani anatazama? Anatazama kutoka wapi? Ijumaa, mwalimu mkuu alipotoka na karani kwenda Wandegeya, nilivua aproni nikawafuata.

"Wewe unakwenda kufanya nini?" akauliza mwalimu mkuu.

"Kumwona huyo asiyetuona."

Ofisi yenyewe iko ghorofani, juu ya duka la kuchapisha karatasi za wanafunzi. Nilidhani nitakuta wazungu na mashine kubwa. Nikakuta vijana wanne, chapati mezani, na msichana wa hijabu mwenye Kiswahili safi hata nikaona haya kufungua kinywa. Watu wa bibi yake walitoka pwani zamani na biashara.

"Karibu, bibi."

"Kiswahili changu ni cha kambini, usinisahihishe."

"Na changu ni cha nyumbani, bibi. Tutaelewana."

Alitufungulia kompyuta. Dunia nzima, ndugu zangu, imejaa nukta kama mtama uliomwagika. Kila nukta ni shule. Akaivuta karibu, karibu, mpaka nikaona mabati yetu kutoka juu! Nikaona na mti wa parachichi. Nikamuuliza, je, sufuria zangu zinaonekana? Akacheka, akasema hapana, sufuria bado.

"Sasa mashine inajuaje kwamba hii ni shule na ile ni ghala?"

"Tumeionyesha picha za shule nyingi sana, bibi, mpaka imezoea. Inatazama paa refu. Inatazama uwanja usio na majani, kwa sababu watoto wamekimbia juu yake. Na inatazama njia za miguu. Tazama, zinatoka huku na huku, zote zinaingia mahali pamoja."

Nikaziona. Njia ya kutoka kota, njia ya kutoka relini, ile ya nyuma ninayowakataza kila siku. Watoto wangu wameandika shule yao kwa miguu yao, na mashine iliyo juu mbinguni imesoma.

"Kumbe ilituona," nikasema.

"Iliwaona, na kuwaona kwa hakika. Lakini kila mahali tunatuma mtu akaulize, na mtu aliye chini tunamwamini kuliko mashine. Huyu wetu ameandika kwamba mkazi amekataa." Akakunja uso. "Labda hakufika, alijaza tu. Nitamwita ajieleze."

Karani alikuwa wa kwanza kubebeshwa kosa langu. Sasa na yule kijana aliyenisalimia vizuri. Nikasimama.

"Usimwite. Alifika, akauliza kwa heshima. Mkazi ni mimi. Karani hana kosa, na kijana wako hana kosa."

Mwalimu mkuu alinitazama kama amenikuta naiba sukari. Karani alishika mkono wa kiti changu. Nilimpigia magoti haya yangu mabovu, nikamwomba radhi hapohapo, mbele ya wote.

Nilidhani yamekwisha. Yule msichana akasema taratibu, "Bibi, kuna jambo lingine. Majibu ya chini tunairudishia mashine, nayo inajifunza. Ikiambiwa nyumba ndefu kama hii si shule, kesho ikiona nyingine kama hii, inasita."

"Hapa Nsambya?"

"Popote palipo nyumba kama hizi."

"Kwa neno langu moja?"

"Si lako peke yako. Wengi wa maeneo haya wamejibu kama wewe."

"Hao nawajua wote," nikasema. "Nipe mtu wa kutembea naye."

Ndiyo maana, wenzangu, wiki ile mliniona na kijana wa kizibao. Kuna mmoja wenu, simtaji, alituzuia mlangoni akasema, "Hakuna shule hapa," na nyuma yake watoto sitini wanaimba jedwali la kuzidisha la saba. Nikamwambia, "Mama, hata mimi nilisema hivyo. Sogea." Hata mtaa wa Lubaga tulifika. Kila jibu baya tulilifuta, tukaandika kilichopo.

Leo kuna sahani nyeupe ya intaneti juu ya mabati yetu, na darasa la saba wana mwalimu wa sayansi ambaye hajawahi kuonja uji wangu. Mimi hukaa mlango wa nyuma nikichambua maharage, nasikiliza. Juzi nimejua kwa nini posho inavimba.

Namshukuru karani, aliyenisamehe kabla sijanyanyuka sakafuni. Namshukuru msichana wa pwani, hakuniita mjinga. Nawashukuru nyinyi mliofungua milango. Ninachowaachia ni hiki: tulijifunza kunyamaza wakati kunyamaza kulituokoa. Wakati huo umepita, mdomo umebaki na mazoea yake. Uchunguzeni.

Siku ile niliyotoka Wandegeya niliwaita wote nyumbani, hata mkwe wangu akaacha redio. Nikawaambia: "Kuanzia leo, mtu akija getini na karatasi au na simu kubwa, hakuna kumdanganya na hakuna kumfukuza. Mpeni kiti. Muulizeni kwanza jibu letu linakwenda wapi. Akieleza, mwambieni kilichopo. Na nikiwa jikoni mniite, nije nisikie na mimi."