Mzee Josia, Aliyetutundika Ukutani

Baada ya miaka thelathini na moja ya kupiga picha za Kalenda ya Jumbe, Mzee Josia Mabula anastaafu rasmi leo, tarehe 31 Desemba 2025, siku ambayo kalenda yenyewe nayo inashushwa ukutani. Bosi wetu, Bwana Nuruddin Jumbe, alitaka wasifu huu uandikwe na mwenye elimu. Da Fatu wa kompyuta alianza, akafika mstari wa pili, akaenda kunawa uso na hakurudi. Ndipo kazi ikaniangukia mimi Shija, dereva wa kampuni, mtu wa kidato cha pili, tena cha kusukumwa. Msihofu. Mzee huyu amekaa nyuma yangu kwenye pikipiki miaka mingi hadi mgongo wangu anaujua kuliko mama yangu mzazi. Kama kuna mtu wa kumsema hapa Bariadi, ndiyo mimi.

Kwa wageni waliofuata pilau tu, Kalenda ya Jumbe ni ile yenye picha kubwa kila mwezi, inayoning'inia kwenye saluni, zahanati, duka la dawa za mifugo na sebule ya mama mkwe wako. Zamani ilikuwa na milima yenye theluji ya nchi za watu. Marehemu Mzee Jumbe, baba yake bosi, siku moja akachoka. Akamwita kijana aliyekuwa akipiga picha za pasipoti karibu na stendi, akamuuliza, "Hivi sisi Mungu alitunyima mawe?" Kijana Josia akapanda baiskeli kwenda kuyatafuta.

Aliyapata. Majabali ya Itilima yaliyopandana kama marobota ya pamba yaliyopakiwa na mlevi. Makorongo ya Meatu yaliyokula ardhi hadi nyumba za watu zimebaki ukingoni. Mto Simiyu wakati wa kiangazi, mchanga mtupu, na akina mama wamezama kiunoni wakichimba maji. Mtu mwingine akiona nchi kama hiyo anafunga macho apite haraka. Mzee Josia alikuwa ananigonga begani nisimame, anashuka, anaitazama kama mtu aliyekuta nduguye kalala njiani.

Na kulala njiani alilala kweli. Karibu na Lagangabilili alijinyoosha kifudifudi mdomoni mwa korongo, akisubiri jua lifike chini. Wakapita akina mama wanatoka kisimani. Wakaona mzee, vumbi, inzi, kimya. Kilio kilichopigwa pale kilifika ofisi mpya za wilaya. Mzee akainuka kuwatuliza, na hilo ndilo lilikuwa kosa. Ndoo zimebaki pale, wenyewe hatujui walisimama wapi.

Lakini mawe hayakuwa yote. Alitaka watu wa kwenye hayo mawe, na kuwapata alikuwa na utaratibu wake uliokuwa unanichosha kama kusukuma gari. Kamera haitoki kwenye begi mpaka salamu ziishe. Na salamu za Mzee Josia hazikuwa "Mwangaluka" halafu basi. Ni mwangaluka, mmeamkaje, ng'ombe wameamkaje, mvua ikoje, yule mtoto aliyekuwa na kikohozi, yule mjomba aliyehamia Geita. Anakaa, anakunywa maziwa, anacheka. Ndipo mwenye mji mwenyewe anauliza, "Sasa mbona hupigi?" Ndiyo maana nyuso za kwenye kalenda yetu hazijakakamaa kama za kitambulisho. Zilikuwa zimeshasahau kuogopa kamera.

Sasa nifike kwenye giza, maana siwezi kulizunguka.

Mwaka 2021 tulikwenda Lalago kwa Masunga, mwenye ng'ombe wengi na maneno mengi zaidi. Akakataa kupigwa. "Uso wangu wa nini? Dume langu ndilo zuri. Lipige hilo." Likapigwa mbele ya jabali, limetulia kama mbunge. Kalenda ya mwaka uliofuata likawekwa Julai. Julai ilipofika, dume likavimba tumbo likafa. Masunga akalia kuliko alivyolilia baba yake. Septemba ya mwaka huohuo ilikuwa ya Bibi Ng'washi wa Lingeka, kikongwe ambaye hata wajukuu zake wana mvi. Akalala Septemba, hakuamka.

Kikongwe kufa si habari. Lakini Masunga alikuwa ameshapanda mbegu yake, na ikaota kila mnada wa ng'ombe. Kwamba kalenda ya Jumbe inaita watu kwa zamu. Mwezi wako ukifika, unaitwa. Kijana mmoja wa Lagangabilili aliyekuwa Oktoba alikimbilia ukweni Shinyanga mwezi mzima, akarudi Novemba amenenepa, na bado watu hawakuona kwamba hilo ni jibu.

Ikawa tukifika mji wa mtu, milango inafungwa. Watoto wanapiga kelele, "Mwitaji kaja! Mwitaji kaja!" Mzee anasimama uani na salamu zake zote, hakuna wa kuzipokea. Anasalimia, anasubiri, anasalimia tena. Nilimwambia, "Mzee, unasalimia mlango." Akasema, "Nyuma ya mlango kuna mtu."

Bosi naye akasema ukweli wake. Watu hawaitaki kalenda ya mawe matupu, mawe wanayo hata chooni. Na kalenda yenye nyuso wanaikimbia. Basi ijayo itakuwa ya mwisho, labda apatikane mtu wa kukubali kuwekwa. Mzee alisikia, akafunga begi la kamera, akaenda nyumbani. Mtu wa salamu, amekataliwa salamu. Mnaelewa alikuwa anapoteza nini.

Nyumbani alikuwa na mkewe, Mama Esteria, fundi cherehani wa pale sokoni. Wengi mlishonewa naye na kusemwa naye siku hiyohiyo. Alikuwa ameshaambiwa hospitali kwamba ule uvimbe wa titi umerudi, na safari hii hauondoki. Mimi nilikuwepo, nimeleta betri za kamera, nikayasikia kwa masikio haya.

"Niweke mimi," akasema.

Mzee akasema hayo yasirudiwe.

"Niweke mimi, Josia. Kama inaita, mimi nimeshaitwa, hainiongezei kitu. Niweke Desemba. Nikiondoka kabla, watajua si kalenda. Nikiuvuka mwezi wangu mzima mzima, watajua pia."

"Na ukiondoka Desemba?"

Mama akakata uzi kwa meno. "Basi utakuwa na kazi ya kutafuta kazi."

Wakagombana siku nyingi. Aliyeshinda mnamjua. Tena akatoa sharti, kwamba hapigwi dukani kwa mzee, mbele ya pazia la bluu la picha za pasipoti. "Maisha yangu yote unaniaga unakwenda kwa mawe yako. Nipeleke niwaone hao wake wenza."

Bosi akatoa pikapu, nikaendesha mimi, taratibu, kila shimo nalizunguka kama nimebeba mayai. Tukaenda Lingeka, kwenye jabali lililo nyuma ya mji wa marehemu Bibi Ng'washi. Tukampandisha kwa kumshika huku na huku. Alipofika juu akaitazama nchi yote ile iliyokauka, akasema, "Ndiyo hawa? Kumbe wazuri," akakaa.

Mzee akashika kamera, akashindwa kubonyeza. Mtu aliyewahi kumpiga fisi kwa karibu, nikiwa mimi nimeshapanda mti. Anainua, anashusha. Mama akasema, "Josia, mwanga unakwisha na mimi nakwisha. Bonyeza." Akawa mkali, uso umejikunja. Nikamwambia, "Mama, ukikunja hivyo, watu watashindwa kula Krismasi." Akacheka, kitenge kinapepea, kichwa nyuma. Mzee akabonyeza. Picha ni ya mzee, nakubali. Kicheko ni changu, na nitakidai mpaka nizikwe.

Kalenda ya 2023 ikatoka na sura moja tu ya mtu, ya mwisho kabisa. Watu wakaifunua kurasa kwa ncha ya kidole kuhakikisha. Mwaka ule Mama akipita sokoni, wengine walikuwa wanamwombea na wengine walikuwa wanamsubiri, na kwa macho tu huwezi kuwatofautisha. Yeye anawaambia, "Bado, bado, endeleeni na shughuli zenu."

Oktoba akawa hatoki kitandani. Mzee hakusema kitu kwa mtu, isipokuwa mara moja tu, tukiwa barabarani, akainama kwenye sikio langu kwa sababu ya upepo. "Shija, namwomba Mungu amfikishe Januari. Halafu naogopa kuomba, maana njia ya kwenda Januari inapita Desemba." Nikapunguza mwendo.

Akafariki Novemba, mvua za kwanza zikinyesha, watu wako mashambani wanapanda pamba. Walizitupa mbegu wakaja. Msibani, Masunga wa Lalago akasimama mbele ya watu wote, kofia mkononi. Akasema, "Mwezi wake ulikuwa Desemba. Amekufa Novemba. Kalenda haina kosa." Na watu, wazima na akili zao, wakaitikia kwa vichwa, wakapumua, kama mahakama imemaliza. Nilitaka nimrukie. Nikamtazama mzee kwanza. Alikuwa anatazama pazia la chumba alikolala Mama. Akasema polepole, "Umeshinda kesi, mayu, mama wewe." Akatoka nje kwenye mvua.

Siku chache baadaye ikafika Desemba, na mkoa wa Simiyu ukafunua ukurasa.

Mimi nilizunguka na pikipiki kusambaza mizigo, nikamkuta kila mahali. Kwa kinyozi, juu ya kioo. Kwenye mgahawa, katikati ya moshi wa chapati. Zahanati, anawacheka wagonjwa. Tumetoka kumzika, na yuko kila ukuta, kichwa nyuma, anacheka. Nyumba moja tu hakuwepo, nyumbani kwake. Mzee aliiacha kalenda Novemba. Mpaka leo ni Novemba pale.

Januari watu wakaja kuomba kupigwa. Wa kwanza mnamkisia. Masunga, na wake zake wawili, na dume jipya. Bosi akataka kumfukuza. Mzee Josia akatoa kiti, akaanza mwangaluka, ng'ombe wameamkaje, mpaka Masunga akainamisha kichwa akasema, "Mzee, nilikosa." Mzee akamwambia, "Wabeja, asante. Sasa inua uso, usije ukatoka kipara kitupu." Akampiga. Picha nzuri kuliko anavyostahili.

Tangu hapo milango imefunguka, na kalenda imejaa nyuso kama zamani. Ila ulizuka utaratibu mpya ambao hakuna aliyeutunga. Kila anayepigwa anachagua mwezi wake mwenyewe. Wengine wanataka mwezi wa mavuno, wengine wa harusi. Desemba hakuna anayeiomba. Ukimtajia mtu, anasema, "Ule una mwenyewe." Kwa hiyo Desemba ya Kalenda ya Jumbe ni lile jabali la Lingeka, peke yake, bila mtu juu. Mzee amelipiga upya kila mwaka, na kila mwaka linazidi kuwa tupu.

Hiyo ndiyo kazi yake, kwa kifupi cha mtu asiyejua kufupisha. Amepiga nchi ngumu akaifanya tuione, na amepiga watu wake bila kumdharau hata mmoja. Kazi yake imemla magoti, imemla kifua kwa vumbi, na tangu Novemba ile imebaki kumshika kwa mazoea tu. Anakula kidogo. Anaongea akiwa na wenye picha, akipanda pikipiki ananyamaza. Tumemwona sote, tumejifanya hatuoni.

Ndiyo maana nina la kukuambia sasa, mzee, wewe mwenyewe, na usinikatize.

Mwezi uliopita tulikuomba nasi tukupige, uwe kwenye kalenda ya 2026, kwa sababu aliyetutundika sote hajawahi kutundikwa. Ulikubali haraka, tukafurahi kama wajinga. Tukakuuliza mwezi. Ukasema, "Niwekeni Desemba, pale jiweni. Pana nafasi."

Bosi alitazama dari. Da Fatu akasema, "Sawa, mzee." Alisema kwa mdomo tu.

Kalenda iko mezani mbele yako, imefungwa kwa karatasi. Usiende mwisho, mwisho ni jiwe la Mama, na ni la Mama tu. Funua mwanzo. Wewe ni Januari, mzee. Umekaa kwenye kigoda mbele ya duka, umekunja uso kwa sababu aliyekupiga ni mimi na nilichelewa kubonyeza. Tunajua kalenda haimwiti mtu, Mama alitulipia ushahidi huo. Lakini hatukutaka ukae mwaka mzima unatazama ukurasa wa mwisho. Mwezi wako unaanza kesho. Uvuke uishe, tuendelee. Ukikasirika, mkasirikie mwenye kompyuta, mimi ni dereva tu.

Kwa niaba ya bosi, Da Fatu, na kila aliyewahi kuning'inia kwa mkono wako kutoka Lalago hadi Lingeka, tunasema asante, wabeja sana. Pumzika, lakini usizidishe. Tarehe mosi Februari asubuhi nitapiga honi mlangoni kwako, bila kamera, bila safari yoyote ya maana. Tutakwenda kusalimia watu tu. Tunakuombea afya, usingizi, na hamu ya kula.

Toka ukiwa umevaa viatu.