Risala ya Wanakijiji wa Bweni Kuhusu Pikipiki ya Zahanati na Foki Zake Zisizolingana

Mgeni rasmi, Ndugu Mkuu wetu wa Wilaya, pamoja na wageni mliofuatana naye: Assalaam aleikum, na kwa ndugu zetu Wakristo, Tumsifu Yesu Kristo.

KARIBU

Sisi wanakijiji wa Bweni tumefurahi kukuona. Njia ya kutoka Kilindoni tunaijua, na tumekuona ulivyoshuka garini umeshika kiuno. Pole sana. Tumesikia umekuja kuikagua pikipiki ya zahanati na kumkabidhi mkunga wetu, Bibi Cresensia, barua ya uhamisho kwa kosa la kuiharibu. Kabla ya hayo, tunaomba utusikilize.

HISTORIA YA PIKIPIKI

Mradi wa afya ulipoileta, miguu yake miwili ya mbele, yaani foki, ilikuwa sawasawa. Siku ile ile mwenyekiti wetu, Ndugu Kombo, akaomba kuwaonyesha wananchi namna inavyoendeshwa. Alisema mtu aliyeshika usukani wa jahazi hawezi kushindwa na kitu cha magurudumu mawili. Alikwenda vizuri mpaka penye minazi. Foki moja ilivunjika, gurudumu likawa kama yai, na Ndugu Kombo akalala ndani akiuguza mguu. Taarifa iliyofika mjini ilisema mwenye pikipiki ameiharibu. Mwenye pikipiki alikuwa Bibi Cresensia, ambaye hata kuipanda alikuwa hajaipanda.

MAFANIKIO

Othmani, fundi wetu wa baiskeli, alipata foki kwenye pikipiki iliyokufa kule Utende, na gurudumu kwenye nyingine kubwa zaidi. Mguu wa kulia ukawa mrefu kuliko wa kushoto. Ekseli ilipwaya, akachonga kipande cha mkoko akakipachika. Gurudumu likagoma kuingia chini ya madigadi, akaing'oa madigadi. Tangu hapo pikipiki imeinua pua kama mtu aliyesikia harufu ya pilau kwa jirani, na haikubali kukata kona ila ya kulia.

Bibi Cresensia, mzaliwa wa Bukoba, aliitazama akaketi chini.

"Fundi, hii itaniua."

"Haiwezi, Bibi," Othmani akamjibu. "Haina mwendo wa kuua."

Aliogopa, lakini alijifunza hivyo hivyo, akianguka mchangani, akijipangusa na kupanda tena. Kila akitaka kushika njia ya kushoto, huuzunguka msikiti kwa kulia kwanza. Waumini wamezoea.

Masika yaliyopita, Mwanasiti, mke wa Matano, alishikwa na uchungu huko shambani kwao, na mtoto ametanguliza miguu. Kwa kutembea, mkunga asingewahi. Alifika ametapakaa tope mpaka kwenye nyusi, maana madigadi hakuna. Matano hakumtambua, akamwuliza anamtaka nani.

"Namtaka mkeo," akasema, "na maji ya moto."

Mama na mwana walipona. Mtoto anaitwa Cresensia binti Matano. Mwalimu wa chuo cha Kurani alisema hana pingamizi, ila jina halienei kwenye ubao.

MATATIZO

Habari ya uhamisho ilipomfikia, Bibi Cresensia alibeba mizani yake. Alikwenda kupima watoto kama kawaida. Jioni, Mwatima anayekusomea risala hii alimkuta jikoni akilia juu ya sufuria ya ndizi. Tukaitana mkutanoni. Ndugu Kombo akasimama.

"Andikeni jina langu," alisema. "Aliyeuparamia mnazi ni mimi. Nilinyamaza nikidhani mguu ukipona, na maneno yatapona."

Hatujapata kumsikia akihutubia kwa ufupi namna hiyo.

MAOMBI

Tunaomba foki mbili zilizozaliwa pamoja, na gurudumu la kuzifaa. Zikikosekana, tutavumilia. Lakini Bibi Cresensia asihamishwe. Ikiwa lazima mtu ahamishwe, Ndugu Kombo yuko tayari, mradi asipelekwe mbali na bahari.

Mwisho, tunaomba radhi: pikipiki uliyokuja kuikagua haipo. Asubuhi, tulipokuwa tukikupangia viti, mkunga aliitwa kijiji cha Kanga kwa mama aliyeshikwa na uchungu, akaondoka nayo. Hajui hata kama tumeandika risala. Ukiwa na nafasi ya kumngoja, chai ipo na mkate wa kumimina upo. Kama huna, basi barua yake tuachie sisi. Tutajua pa kuiweka.

Mwenyezi Mungu akurudishe salama, akuhurumie kiuno chako, na amfungulie kwa wepesi mama yule wa Kanga. Uhuru na Kazi.

Ni sisi,
Wanakijiji wa Kijiji cha Ujamaa Bweni, Mafia.