Mwalimu Vivuli na Picha Iliyopinduka

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Punguzeni kidogo kelele za sufuria. Leo tunamkumbuka mwalimu wa sayansi aliyewatembeza watoto kwenye sayari bila kuwatoa darasani. Wanafunzi walimwita Mwalimu Vivuli.

Kwa nini Vivuli? Alibandika ukutani picha za Mwezi na Mirihi, zilizopigwa na vyombo vya angani. Ole wako ukurupuke kusema, "Kile kilima!" Angekukatiza: "Kwanza, jua liko upande gani?" Maana mwanga ukitokea chini ya picha, macho hudanganyika. Shimo huonekana kilima. Jua kwanza, jina baadaye. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yake.

Sasa, wasikilizaji wapendwa, mwalimu huyu wa kutazama alikuwa anapoteza macho. Anapoteza macho, na aliyeambiwa ni mkewe tu. Aliogopa kunyang'anywa darasa.

"Kila asubuhi chai ilimpoa mkononi," anasema mjane wake. "Nikimhimiza anywe, ananijibu, 'Mama watoto, leo ni leo.' Roho juu, kila siku ya Mungu."

Mficha maradhi, kilio humuumbua. Siku moja akaja mkaguzi. Akaketi nyuma ya darasa, kalamu mkononi, uso mkavu. Mwalimu akapapasa picha ya Mirihi, akaibandika.

"Haya, mnaona nini?"

Watoto waliozoea kugombania kujibu, leo wanatazamana. Mwalimu alijua kuna kitu kimeharibika, ila hakujua ni kitu gani.

Binti mmoja, mcheshi wa darasa, akasimama. "Aa, mwalimu, leo umetutega! Jua liko chini. Hivi vilima vyote ni mashimo. Nije niigeuze?"

Kumbe picha ilikuwa kichwa chini, miguu juu. Mwalimu akampisha. "Njoo uigeuze," akasema. Vilima vikawa mashimo. Mkaguzi akacheka, akaisifu mbinu hiyo.

Mwalimu alifika nyumbani, akamwita mkewe. "Mke wangu, watoto wamenigundua."

"Wamekugundua," mkewe akamjibu, "na wamekusitiri."

Kesho yake, roho mkononi, akaenda mwenyewe kwa mwalimu mkuu kusema kweli. Mwalimu mkuu akamvutia kiti. "Tunajua, mwalimu wangu. Wanafunzi wako walikuja hapa zamani. Waliniomba nisikuondoe."

Akaendelea kufundisha hadi alipoanza kuugua. Watoto walimsomea picha kwa sauti: jua liko kushoto, kivuli kulia, hiki ni kilima. Naye akawasahihisha, tena kwa ukali!

Mjane wake anasema kilichomuuma mumewe hadi mwisho hakikuwa macho. "Ni zile chai zote," anasema. "Aliogopa peke yake, na watu walikuwa pamoja naye."

Tunawapa pole mjane, watoto na wanafunzi wake. Mungu ampumzishe. Na wewe unayetusikiliza, kama nyumbani kwako kuna mtu ambaye chai inampoa mkononi kila asubuhi, usingoje aseme. Muulize leo.